Mtoto ameanza PP1, mlezi bado ataka pesa yote ya mwezi. Wenzangu mwalipaje?

mamake_zuhura (Maweni, Malindi)

Hamjambo nyote. Naomba mawazo ya wazazi wa huku Malindi na hata Lamu, manake hili jambo lanisumbua kichwa. Binti yangu ana miaka 4, ameanza PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) muhula huu. Tangu nirudi kazini namwacha kwa mama mmoja jirani anayelea watoto kwake nyumbani, nalipa 3,500 kwa mwezi, Jumatatu mpaka Jumamosi, namfikisha saa 12 na nusu asubuhi nikienda shifti (nafua kwenye hoteli moja huku Casuarina) namchukua saa 10 na nusu jioni, chakula ndani yake.

Sasa shule ni saa 2 mpaka saa 6 na nusu mchana. Nikamwambia mama mlezi tushuke tuwe 2,000 manake nusu ya siku mtoto hayuko, akanijibu kwa upole lakini hakusogea, "nafasi ni yake hata akiwa shule". Na shule nayo yataka fizi yake 6,500 kwa muhula, hapo sijahesabu yunifomu na viatu.

Nimeulizauliza nikapata kwamba shule yenyewe ina dei kea ya mchana, 2,000 kwa mwezi, lanchi ni mbali sh 60 kwa siku, wafunga saa 10 kamili na Jumamosi hawako. Njia nyengine nitafute dada wa kuja nyumbani mchana peke yake. Au akitoka shule aende chuoni (madrasa) mpaka jioni, kuna chuo karibu na ustadhi ni mtu mzuri. Mama mlezi yeye ampeleka shule na kumtoa kwa pesa ileile ya zamani. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

kaskazi_84

Lipa dadangu. Mlezi mzuri haokotwi barabarani.

baba_salma (Barani)

Mimi siwezi kukubali hivo hivo bila hesabu. Zamani ulikuwa ukimwachia mtoto saa 10 kwa siku, siku 6, hizo ni saa 60 kwa wiki. Shule imechukua saa 4 na nusu kwa siku 5, yaani saa 22 na nusu, zimebaki 37 na nusu. Ukigawa ile 3,500 kwa saa, wafaa kulipa kama 2,190 hivi, kwa hivyo hio 2,000 yako haikuwa ya uonevu hata kidogo, uliomba kitu cha karibu na haki. Na kuna swali ambalo lazima umuulize, je ile nafasi ya asubuhi ameweka mtoto mwengine? Kama ameweka, basi alipwa mara mbili kwa mkeka mmoja na hapo sioni sababu ya wewe kutoa pesa yote.

kadzo_wa_ganda

Wangu alikaa dei kea ya shule mwaka jana wote kwa hivyo hii naijua. Usidanganywe na ile 2,000. Weka lanchi 60 kwa siku 22, hio ni 1,320, jumla 3,320, hujalipa transpoti hata. Wewe watoka kazini saa 10 na nusu na wao wafunga saa 10, ile nusu saa mtoto yuko na nani? Mimi nilikua nampa mtu wa boda sh 50 amlete mpaka kwangu, na moyo haukai mpaka nisikie pikipiki. Jumamosi nilikua nampeleka kwa hawe (bibi) yake kule Ganda Ijumaa jioni.

Lakini kubwa kuliko yote ni likizo. Dei kea ya shule yafungwa na shule. Aprili imefungwa, Agosti imefungwa, na ile ya mwisho wa mwaka ndio refu, mwaka 2025 shule zilifungwa mwisho wa Oktoba mpaka Januari. Sasa wewe mtu wa hoteli fikiria, Disemba ndio wageni wamejaa na ofu hupati, ndio mwezi ambao huna pa kumweka mtoto. Ukirudi kwa mlezi wako wakati huo kumwambia naomba nafasi ya mwezi mmoja tu, atakwambia imeshachukuliwa, na hana kosa.

Kwa ubaya wa dei kea sisemi, ticha ni mwenye moyo, mtoto alijifunza mengi. Nasema tu kwa pesa haikunipunguzia kitu.

mlezi_muyeye

Naomba na mimi nisikike manake niko upande ule mwengine. Nalea watoto huku Muyeye, nna saba na sizidishi, na nna msaidizi namlipa kutoka mfukoni mwangu.

Baba Salma hesabu yako ya saa ni nzuri kwenye karatasi lakini hizo saa nne na nusu mimi siwezi kuziuza. Nani ataniletea mtoto saa 2 aje amchukue saa 6 na nusu? Wazazi wetu watoka alfajiri warudi jioni, mtoto mpya akija aja wa siku nzima, na hao wa shule wakirudi mchana nitakua na tisa kumi ndani ya chumba kimoja, hapo tena sio kulea ni kurundika. Kwa hivyo ile nafasi yakaa wazi. Kodi ya chumba haipungui, msaidizi hawezi kuambiwa leo utalipwa pungufu kwa sababu watatu wako shule, maji yakikatika nanunua kwa mtungi vilevile. Kinachopungua ni kikombe kimoja cha uji.

Na kazi yaongezeka, hili wazazi hawalioni kabisa. Saa 2 kasorobo natoka na watatu, wameoga, wamepakwa mafuta, vifungo vimefungwa, kila mmoja na chupa yake ya maji, wale wadogo wabaki na msaidizi. Mchana jua la utosi natoka tena nikawatoe. Nikichelewa kidogo ticha ashapiga simu. Tukifika wavua yunifomu, naifua pale pale kola na makwapa manake wengi wana moja tu, naianika ikauke kabla mamake hajaja. Wale, walale chini ya chandarua mpaka saa 9. Wakiamka nafungua daftari, ticha ameandika kesho kila mtoto alete majani matano ya miti tofauti, basi mimi ndio nayezunguka na watoto mtaani natafuta mwarobaini, mwembe, mkorosho, mpera, na la tano sijui nilitoe wapi. Mamake akija jioni yuko hoi, haulizi hata kama kulikua na kazi ya shule, na simlaumu.

Kwangu wa chekechea nawashushia, wa siku nzima ni 3,600, wa PP ni 3,000 wakati wa muhula na likizo warudi 3,600. Lakini tulikaa tukasema kabla mtoto hajaanza shule. Ninachokataa ni mzazi kukata mwenyewe, mwisho wa mwezi naona Mpesa imeingia pungufu na hakuna neno.

ummu_nasra (Langoni, Lamu)

Salaam kwenu. Huku Amu wengi wetu twaegemea bibi. Mji wetu ndani hauna magari, mtoto wa PP2 atoka shule na wenzake wapita vichochoroni, ukimhofia ni punda na mitaro tu. Wangu akitoka shule ala kwa bibi yake, alala, alasiri aenda chuoni. Nikisikia watu wasema "wewe bahati yako hulipi mlezi" nawambia si bure ati. Mkono hauendi mtupu kwa mama, kila wiki kuna sukari, unga, samaki, dawa ya presha, na bibi akiamka mgonjwa mimi siendi kazini siku hio na hakuna wa kumlaumu. Na pia ana miaka yake, kumkimbiza mtoto wa miaka 4 juu chini kwenye ngazi za nyumba hizi zetu za ghorofa ni mtihani kwake, wallahi namuonea huruma.

Mamake Zuhura, hilo la chuo mchana kutwa naomba uliache. Sio kwa ubaya. Ustadhi ana watoto wengi mbele yake, yuasomesha, hawezi pia kuwa yaya. Mtoto katoka shule ana njaa na usingizi, atasinzia juu ya juzuu, achapwe au achekwe, na mwishowe achukie chuo. Apumzike kwanza, chuo kitafuata alasiri.

bint_amu_ughaibuni

Mimi ni wa Lamu lakini niko Uingereza na mambo haya haya yatushinda huku. Hapa England mtoto wa miaka 3 na 4 apata saa 15 za bure kwa wiki za chekechea, lakini kwa wiki 38 za mwaka peke yake, na wazazi wanaofanya kazi wakitimiza masharti wapata saa 30, tangu Septemba 2025 ni kuanzia miezi 9. Watu waona ni nyingi mpaka likizo zifike, ndio wakumbuka yule mlezi.

Walezi wa nyumbani huku wasajiliwa, na sheria yawawekea idadi, kwa kawaida watoto sita chini ya miaka 8, na kati yao wasizidi watatu walio chini ya miaka 5. Kwa hivyo anavosema dadangu wa Muyeye ni sawasawa na wanavosema wa huku, nafasi moja ikikaa wazi asubuhi ni kipande kikubwa cha riziki yake. Wengine watoza pesa yote, wengine nusu kwa zile saa za chekechea, wengine hawatozi zile saa lakini basi wasitarajiwe kumpeleka wala kumtoa wala kuitwa mtoto akishikwa na homa darasani. Hili la mwisho ndio mimi ningeuliza kwanza: shule ikipiga simu saa 4 mtoto atapika, nani aenda? Kama jibu ni mlezi, basi zile saa pia yuko kazini.

baba_salma (Barani)

Hili la simu ya saa 4 sikulitia kwenye hesabu yangu, na lina uzito. Bado nasema pesa yote si haki kama chakula cha asubuhi hali na Jumatatu mpaka Ijumaa nusu ya siku yuko kwengine, lakini naona 2,190 pia yaonea mtu anayemtoa mtoto shule na kubaki macho kwenye simu. Bei ya mlezi wa Muyeye yaniingia akilini.

Dada wa mchana pia lazima mjue si njia ya rahisi. Huyo akija kwako ni mwajiriwa wako, sio kama mama mlezi ambaye ana shughuli yake mwenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa siku moja ya kupumzika kila wiki na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo, kima cha chini cha mshahara kiliongezwa asilimia 6 Novemba 2024, na kuna michango ya NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya). Kwa saa nne za mchana utapata shida kumpata mtu mzima wa kukaa, utapata msichana mdogo ambaye mwenyewe afaa kuwa shule, na hapo mimi siingii.

Halafu mjue Katiba ya 2010 iliweka chekechea na vituo vya kulea watoto chini ya kaunti. Ukitaka kujua dei kea imekaguliwa au la, uliza watu wa kaunti, usingoje wizara ya Nairobi.

kaskazi_84

Na msimu wa hoteli je? Baada ya Pasaka wengi wetu hupewa ofu ndefu bila malipo mpaka Julai. Mlezi alipwa nini miezi hio?

mlezi_muyeye

Kwangu mzazi akikaa nyumbani mwezi mzima alipa nusu ya kushikilia nafasi. Asipoweza kabisa, aniambie mapema nimpe mwengine nafasi, akirudi tutaangalia kama kuna pengo. Wengine nimewangojea bila pesa kwa sababu nawajua hali zao, lakini siwezi kuwangojea wote.

mamake_zuhura (Maweni, Malindi)

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nilikwenda jana jioni tukakaa kibarazani mimi na yeye. Nimemuuliza la nafasi ya asubuhi, hajaweka mtu na hataki kuweka. Tumekubaliana 3,000 muhula ukiwa unaendelea, likizo 3,500, mtoto atakunywa chai nyumbani kabla hatujatoka. Yeye ampeleka na kumtoa, na nambari yake nimeiandikisha kwa ticha iwe ya kwanza kupigiwa. Nikiwekwa ofu baada ya Pasaka ni nusu kwa mwezi wa kwanza, ukiingia wa pili tuzungumze tena. Sabuni ya yunifomu naleta mimi, hili nilimwambia mwenyewe baada ya kusoma habari ya kola.

Chuo ataanza jioni akizoea shule kwanza. Twaanza bei mpya tarehe 1, na dei kea nishawaambia wasinihesabu.

kadzo_wa_ganda

Vizuri sana. Sasa iandikeni, hata kwenye karatasi ya daftari, muweke sahihi zote mbili. Na muulize siku akiumwa yeye, msaidizi ni nani.

mamake_zuhura (Maweni, Malindi)

Binti yake mkubwa, namjua, amemaliza kidato cha nne. Karatasi twaandika Jumapili.