Manuali ya Tektronix 2465: ninunue ya Telegram, DVD ya eBay, au kuna ya bure kweli?

Seki_Umeme (Morogoro)
Wakuu, habari za jioni. Nimepata osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo) ya Tektronix 2465 kwenye mnada wa vifaa chakavu. Inawaka vizuri, ila ikishapata moto picha inajibana upande mmoja wa kioo. Nataka manuali ya ufundi yenye michoro ya sakiti. Kuna jamaa kwenye kundi la Telegram anauza PDF kwa 25,000. Kuna DVD eBay, dola 18 bila usafiri. Rafiki yangu anasema zipo za bure, ila yule wa Telegram ananiambia za bure zimeondolewa michoro. Nipeni ushauri kabla ya Ijumaa, anasema bei inapanda.

Mzee_wa_Valvu
PDF inapanda bei kama vitunguu? Haya. Kwanza tuambie ni 2465 ipi. Tupu ni ya megahezi 300, yenye A ni 350, yenye B ni 400, na kila moja ina manuali yake. Ukilipia isiyo yako utakaa na michoro ya mashine ya mwenzako. Tupe na namba ya seriali.

Seki_Umeme
Mbele imeandikwa 2465, halafu pembeni kuna stika ya mnada imefunika. Seriali nitaangalia.

KapasitaKavu
Toa stika mkuu, hapo ndipo penye jibu. Kama ni B yenye seriali kuanzia B050000, bodi ya udhibiti, inayoitwa A5, ni ya vijenzi vidogo vya kulehemu juu ya bodi, na ina kapasita nne za elektrolaiti zinazovuja na kula njia za shaba. Hiyo haingoji Ijumaa. Tena kalibresheni yake imehifadhiwa kwenye chipu ya kumbukumbu ya kampuni ya Dallas yenye betri ndani. Betri ikifa, na kalibresheni imekwenda.

Kuhusu manuali, ingia TekWiki, tovuti ya wapenzi wa vifaa vya Tektronix. Bure, michoro ipo. Huyo jamaa anakudanganya mchana kweupe.

Bi_Lehemu
Ngoja niwasimulie, maana hasira haijaisha.

Karakana yetu ilikuwa na jenereta ya mawimbi ya HP ya zamani. Bosi akatoa hela tukanunua manuali kwa muuzaji wa mtandaoni. Likaja faili limefungwa kwa nywila, na nywila ukaiombe WhatsApp. Siku mbili hajibu. Tukafungua: jina la duka lake limepigwa kwa herufi kubwa za kijivu, mshazari, kila ukurasa, hadi juu ya michoro. Ile kurasa ndefu ya kukunjua imekatwa vipande viwili, na katikati, penye rigyuleta ya umeme, kuna ufa wa kidole kizima ambao haupo upande wowote.

Kilichoniudhi zaidi ni jinsi alivyolibana faili lipite kwenye simu. Nukta za desimali zilimezwa. Rezista ya 4.7 ikasomeka 47. Bahati ile ya zamani rangi zake zilikuwa bado zinaonekana: njano, zambarau, dhahabu, yaani 4.7. Ingekuwa imeungua rangi, tungeweka ya om 47 na kuanza kutafuta ugonjwa mwingine tuliouleta wenyewe.

Baadaye fundi mwenzangu akaingia tovuti ya Keysight, ambao ndio warithi wa vifaa vya upimaji vya HP. Manuali ipo, bure, kurasa ya kukunjua nzima. Nakala nyingine ikawa kwenye hazina ya watu wa kujitolea, na pembeni mwa ukurasa mmoja kuna maandishi ya penseli ya fundi fulani wa zamani. Maandishi yaleyale yapo kwenye faili tuliyouziwa! Hakuskani hata karatasi moja yule.

Duka_la_Bando
Mnamshambulia muuzaji lakini si kila mtu ana bando la kushusha faili kubwa, wala Kiingereza cha kutafutia. Analipwa kwa kutafuta. Fundi wa Tandahimba afanyeje?

Mzee_wa_Valvu
Aseme basi "nakutafutia, nilipe elfu tano". Akisema za bure hazina michoro, huo ni uongo wa kibiashara, si huduma.

LuthuliKona (Nairobi)
Huku mtaa wa Luthuli mtu anakujazia flashi nzima, mamia ya manuali za TV, kwa bei ya chai na mandazi. Hana noma, unalipia flashi. Lakini msiwaweke wote kapu moja. Kuna wauzaji Marekani wanaoskani karatasi wenyewe, kurasa za kukunjua zikiwa nzima, unasoma hadi namba ndogo ya transista. Huyo mimi nitamlipa tena kesho. Shida ni wale wanaochota BAMA, wanachoma DVD na kuweka eBay. BAMA ni hazina ya manuali za bure mtandaoni, ya watu waliojitolea, wengi wao wa redio za ham, yaani mawasiliano ya redio ya kujifurahisha.

KapasitaKavu
Na wale wa 2015. Jason Scott, mtunza kumbukumbu za kompyuta, na wenzake walihamisha makumi ya maelfu ya manuali za karatasi kutoka ghala moja Maryland lililokuwa linafungwa. Watu walibeba maboksi bila malipo ili mtu mwingine aje auze?

Wakili_wa_Mtaa
Kisheria je? Marekani, kitu kilichochapishwa kabla ya 1978 bila tangazo la hakimiliki ni mali ya umma. Yeyote anaweza kuuza.

Bi_Lehemu
2465 ni ya miaka ya themanini, kaka. Sheria yako haifiki hapa.

Wakili_wa_Mtaa
Nilikuwa nazungumzia kwa ujumla.

Mzee_wa_Valvu
Seki, dalili yako inanipeleka kwenye U800, ile chipu ya kusukuma mwale kwa mlalo. Inajulikana kufa kwa joto. Haitengenezwi tena, mara nyingi unaipata kwenye mashine iliyokufa. Ila pima kwanza volti za pawa saplai, usimhukumu mtu bila ushahidi. Na zile kapasita za RIFA za kwenye kuingilia umeme zitoe, siku moja zitakujazia chumba moshi.

Duka_la_Bando
Au auze hiyo anunue osiloskopu mpya ya Rigol, mambo yaishe.

KapasitaKavu
Chaneli nne, megahezi 300 au zaidi, kwa bei ya mnada? Rigol ya bei hiyo ni ipi? Weka hapa.

Duka_la_Bando
Ni mpya angalau.

Seki_Umeme
Asanteni wakuu. TekWiki nimeipata, faili limekatika katikati, nitajaribu usiku bando la usiku likianza. Stika imegoma, nimeilowesha kwa spiriti, naona kama A lakini huenda ni uchafu. Yule wa Telegram kashusha hadi 10,000. Sasa ile kurasa ndefu naiprintije? Steshenari hapa wana A4 tu.

Bi_Lehemu
Nenda wanaoprinti ramani za majengo, waambie A3 au kubwa zaidi. Wakatae "fit to page", ukubwa ubaki ulivyo. Na usifungue kifuniko peke yako, kwenye kioo kuna maelfu ya volti hata ukichomoa waya.

Pemba_Redio
Samahani kuingilia, kuna mwenye manuali ya redio ya Philips ya valvu? Nyuma imefutika namba.

Mzee_wa_Valvu
Valvu zake zimeandikwaje? ECH81, EL84? Weka picha ya ndani.