Naomba ushauri: iliki haisikiki kwenye chai ya kuloweka

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaishi Dodoma, na joto la Novemba limenifanya niipende chai baridi. Majani ya chai ya Mufindi nikiyachemsha kwa iliki na mchaichai, chai hunoga sana ikiwa ya moto, lakini ikilala kwenye friji huwa na ukungu kama maji ya dimbwi na hukwaruza ulimi. Nikiyaloweka kwenye maji baridi usiku kucha, kwa takribani saa 8, rangi hubaki angavu na ukali hupungua, ila iliki haisikiki kabisa, hata nikiiponda. Je, niichemshe iliki peke yake kwanza, au maji yetu ya visima, yenye chumvichumvi, ndiyo yanayoua harufu? Naomba pia kipimo cha majani kwa lita 1.