Tupeane uzoefu: kumbadili mhusika maarufu jinsia na asili kwenye tamthilia

#1 (mleta mada)
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaoandika, kuhariri na kutafsiri skripti. Mhusika amejulikana miaka mingi kama mwanaume, tamthilia mpya inamtaka mwanamke. Au alikuwa mzungu mwenye mali, sasa ni mtu mweusi. Mnaanzia wapi, na panapobomoka huwa ni wapi? Leteni mambo ya kazi, ubishi wa "wameharibu hadithi" una nyuzi zake.

#2
Jiulize kwanza: kwenye hadithi ya mwanzo, nini kilimlazimisha mtu huyu awe pale alipo? Watson wa kitabu cha 1887, mwenzi wa mpelelezi Sherlock Holmes, ni daktari wa jeshi aliyejeruhiwa Maiwand, Afghanistan. Amerudi London mfuko umetoboka, anatafuta wa kugawana naye kodi ya nyumba, ndivyo anavyoangukia kwa Holmes.

Elementary, tamthilia ya Marekani (2012–2019), ilimleta Joan Watson, akaigizwa na Lucy Liu, hadithi ikahamia New York ya leo. Hapo sababu ya kodi haitoshi tena. Kwa hiyo Joan alikuwa daktari wa upasuaji, akaacha baada ya mgonjwa kufia mikononi mwake, na sasa analipwa kuishi na Holmes, mraibu aliyetoka soba haus, ili asirudie dawa. Baba yake Holmes ndiye anayelipa, wiki 6. Udaktari umebaki, jeraha limebaki kwa sura nyingine, na kuishi nyumba moja kumepata tarehe ya mwisho. Ile tarehe ndiyo kazi nzuri kuliko zote, maana inamfanya mtazamaji aulize tangu mapema: wiki zikiisha, atabaki kwa lipi?

Shimo lililo mbele yako ni mapenzi. Ukishaweka mwanamke na mwanaume nyumba moja, ukiishiwa na matukio utawaozesha. Hawa wawili walifika misimu 7, sehemu 154, bila kuwa wapenzi.

Kwa vitendo: chukua daftari, andika kila mlango ambao mhusika wa zamani aliupita bila kuulizwa, kama benki, kambi, baraza, baa. Mbele ya kila mlango andika mhusika mpya ataulizwa nini. Usipopata swali, tukio liache kama lilivyo. Ukilipata, hilo tukio liandike upya lote, maana kubadilisha jina pekee hakutalisimamisha.

#3
Naongezea mlango mmoja uliofunguliwa vizuri. Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa wakati aitwaye Daktari, tangu 1966 ina kanuni ya mhusika kubadili mwili, kwa hiyo Jodie Whittaker alipoanza msimu wake 2018 historia ya mhusika haikuguswa. (Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda, naye aliingia kwa mlango huohuo.) Lakini dunia inayomzunguka ilibidi iguswe. Kuna sehemu ya 2018 iliyopelekwa enzi za Mfalme James, kijiji kinasaka wachawi. Yule Daktari anatoa karatasi yake ileile ya tangu akiwa mwanaume, inayomtambulisha kama mkubwa wa pale, safari hii mfalme anaisoma kama ya msaidizi, na mzee wa kiume aliyefuatana naye ndiye anayechukuliwa kuwa bosi. Karatasi haijabadilika, ila msomaji wake anaona mwanamke.

#4
Asili ni ngumu kuliko jinsia, kwa sababu inagusa mwaka. Louis, anayegeuka mnyonya damu (vampire) kwenye Interview with the Vampire, kitabu cha 1976, ni mzungu mwenye shamba na watumwa huko Louisiana, 1791. Tamthilia ya 2022 imemfanya mtu mweusi wa New Orleans, 1910, tajiri mwenye madanguro mtaa wa Storyville. Wamesogeza miaka 119, na dhambi yake wameilinda: bado anakula kwa jasho la miili ya wengine. Shamba lingetolewa bila kuwekwa kitu chenye uzito huohuo, majuto yake yote yangekuwa maneno matupu.

Na 1910 imechaguliwa kwa akili. Fedha anazo, lakini sheria ya ubaguzi inaweza kumfungia biashara asubuhi moja, na Storyville yenyewe ilifungwa 1917. Anayesoma historia anaona saa inahesabu.

#5
Sisi wa Kiswahili tuna kazi ya ziada kwenye undugu. Ukimbadili mjomba awe mwanamke, wengi huandika shangazi. Si kweli: ndugu wa mama akiwa mwanamke ni mama mdogo au mama mkubwa. Anayegeuka shangazi ni baba mdogo. Mke wa kaka yake aliyekuwa shemeji sasa ni wifi. Aliyeoa sasa ameolewa, aliyeposa ameposwa. Pitisheni skripti nzima neno kwa neno, maana programu ya kutafuta na kubadili haitawaonyesha "shemeji" lililokaa vibaya.

#6 (mleta mada)
Asante sana #5. Vipi pale jinsia inapotakiwa kufichwa? "A-" yetu, isiyotaja jinsia, si inatubeba?

#7
Inakubeba nusu, mkuu. Ambaye hajamaliza msimu wa 1 wa Elementary aruke hapa. Moriarty, adui mkuu wa Holmes, ni mwanamke, na wanaomsaka wanaamini ni mwanaume. Kiingereza kinamdanganya mtazamaji kila kinapotaja kiwakilishi. "Amesema atapiga simu" haimdanganyi mtu, ila haisemi lolote, na mtego unalegea. Dawa yake ni kuweka "jamaa" au "bwana huyo" mara mbili tatu kwenye midomo ya waliokosea tu. Anayeujua ukweli mpe "bosi" au "mkubwa", ili mtazamaji akirudia kuitazama asimkute amesema uongo.