Baunsi kaso ama michezo ya kawaida? Pati ya watoto likizo ya Agosti (Kisumu)

MamaTabby_Ksm
Habarini wana jukwaa. Nataka kufanyia watoto pati hapa nyumbani likizo hii ya Agosti, wangu na wa mashemeji na hawa wa jirani, sasa sijui nikodi baunsi kaso, ile kasri ya kujazwa hewa watoto wanarukia ndani, nimeitishwa 7,000 kwa siku pamoja na kijana wa kuichunga, ama nitafute tu mtu anayeelewana na watoto awachezeshe kuvuta kamba, mbio za magunia, kati (ile ya kukwepa mpira) na vitu kama hizo. Mzee anasema kaso ni kutupa pesa. Nijibuni haraka juu jamaa anataka diposti leo.

Wuod_Nyamasaria
Watoto wangapi? Wa umri gani? Na ni kwa ploti ama uko na uwanja? Hujatuambia kitu na unataka tujibu haraka 😂

MamaTabby_Ksm
Haya basi. Kama 20 hivi, lakini wa jirani mnajua hawahesabiki. Mdogo ana 3, mkubwa 12. Niko Riat, uwanja ni nyasi ila umeinama kidogo.

Jaduong_Kondele
Riat na umeinama? Mama, wachana na kaso. Huko juu upepo wa ziwa ukianza mchana haubembelezi mtu, halafu saa kumi mvua na radi inashuka. Wachezeshe asubuhi, saa nane wawe wanakula.

Fundi_Mtaro
Jaduong hatishi watu bure. Desemba 2021 kule Devonport, Tasmania, Australia, upepo uliinua kaso ikiwa na watoto na 6 wakafariki. Uingereza upepo ukipita kilomita 38 kwa saa hairuhusiwi kutumika, na lazima ifungwe ardhini sehemu 6 ama zaidi. Huyo jamaa wako muulize anafunga na nini. Akisema mawe, mwambie asante kwaheri.

Kiamunyi_Boy
Mimi niko Nakuru na nina ushuhuda. Tulikodi kwa bathdei ya mtoto wa dada yangu, kaso kubwa ya rangi zote, watoto wamechizi, hata keki hawataki kuona. Sasa ile mashine ya kupuliza hewa lazima iwake muda wote, si ati unajaza kama tairi unazima, na inakula zaidi ya kilowati moja, na dada yangu anatumia stima ya tokeni na hakuna mtu aliangalia mita. Saa nane na kitu, kaso ikaanza kuinama upande mmoja polepole, watu wakadhani ni watoto wanaruka sana, kumbe tokeni zimeisha. Yule wa kuichunga alikuwa jikoni na sahani ya pilau. Ukuta ukalala juu ya wale wadogo, wakubwa wakawa wanatoka kwa kuwakanyaga, kina mama wanapiga nduru, mimi niko chini kwa magoti navuta miguu bila kujua ni ya nani. Tukanunua tokeni kwa simu, meseji ikakawia kufika, na jenereta waliyokuja nayo haikuwa na petroli! Hakuna aliyeumia sana, lakini mmoja aling'oka jino. Na pesa walikataa kurudisha hata nusu.

Nyar_Ahero
Aki jino 🙈 Ndio nasema kati haijawahi kuisha tokeni. Soksi kuukuu, jaza matambara, funga. Wasichana wape blada, ile kamba ya mpira ya kuruka, na jioni wote brikicho, wajifiche watafutane. Wa miaka 3 wape maji na beseni tu.

Wuod_Nyamasaria
Kwani wavulana hawarukangi blada? Mimi nilikuwa nafika ya shingo.

Nyar_Ahero
Nani alikushikia kamba, ukuta? 😂

Mwana_wa_Kakamega
Kati iko na sheria lakini, ukidaka mpira unaokoa mwenzako. Msiwachanganye watoto na ile ya kujaza chupa mchanga.

Nyar_Ahero
Wapi! Sisi tulijaza chupa na ilikuwa kati. Asiyejaza anakimbia bure kwani anatafuta nini pale katikati?

Mwana_wa_Kakamega
Anatafuta kutogongwa. Huo ndio mchezo.

Jaduong_Kondele
Nyinyi wawili fungueni uzi wenu. Mama, la maana ni umri. Wa 12 na wa 3 hawawezi kucheza pamoja, iwe kaso iwe nini. Na kamba ya kuvuta iwe nene ya katani, ile ya nailoni inachuna mikono.

Kiamunyi_Boy
Na magunia nenda soko la Kibuye Jumapili, lakini yakung'ute vizuri, ya pilipili yatawawasha siku nzima.

Fundi_Mtaro
Nani anawalisha hao wote? 20 ya Riat huwa ni 35.

MamaTabby_Ksm
Pilau, na soda za chupa kubwa. Tokeni sikuwa hata nimefikiria. Sasa jamaa amepiga simu tena, anasema kama kaso ni shida anaweza leta trampolini kwa 4,500, hiyo haitumii stima. Mzee amenyamaza tu.

Wuod_Nyamasaria
Iko na wavu ama ni ile wazi?

Nyar_Ahero
Na si umesema uwanja umeinama? Ama trampolini itasimama na mguu mmoja 😂