Tupeane uzoefu: mradi wenu uliharibikia wapi?

Mleta mada: Wakuu, jana nimetoka kwenye kikao cha kufunga mradi uliokufa, kila mtu analia na bajeti. Si kweli. Hela ilikuwepo, ila hakukuwa na hata karatasi moja iliyosema kazi ikiisha tutaijuaje kama imeisha. Wa kwenu ulifia wapi?

Kazi Kwanza: Wetu uliuawa na "ongeza na hiki kidogo". Kila mkubwa akipita anaongeza lake, dedilaini haisogei, hela haiongezwi, watu ni walewale.

Mzigo: Umenena mkuu.

Ijumaa Jioni: Mmenikumbusha mbali. Tulikuwa tunahamisha mfumo wa mishahara, wa zamani uzimwe Ijumaa, mpya uwake Jumatatu. Kwenye ripoti kila wiki tuko asilimia 90, wiki ijayo 90 hiyohiyo, na rangi ya kijani, maana meneja hakutaka mfadhili aone nyekundu. Muda wa kutesti data ukakatwa ili tuwahi tarehe. Usiku ule tunafungua rekodi ya kwanza, tarehe ya kuzaliwa imekaa kwenye kisanduku cha mshahara, ya pili hivyohivyo, tukashuka mpaka chini kabisa, data yote imehama safu moja. Tunauliza bakapu, aliyekuwa na pasiwedi za seva alishaacha kazi na hakuna aliyekabidhiwa. Jamaa mmoja alikaa sakafuni akalia, mtu mzima. Mwisho wa mwezi watu wana watoto, wana kodi ya nyumba, mshahara hakuna.

Mzigo: Dah! Ikawaje??

Ijumaa Jioni: Tuliingiza kwa mkono, jina kwa jina, kutoka kwenye karatasi za mwezi uliopita. Meneja akapewa mradi mwingine.

Kamanda: Mngeongeza watu mapema yasingewakuta.

Kazi Kwanza: Hapana mkuu, hilo nakataa. Mradi ukishachelewa, mgeni anafundishwa na yuleyule aliyezidiwa, mnachelewa zaidi.

Kamanda: Inategemea kazi. Kuingiza data kwa mkono, watu wengi wanasaidia.

Kazi Kwanza: Hiyo sawa, ila kutengeneza mfumo ni habari nyingine.

Nondo: Hata wakubwa yanawakuta. Uwanja mpya wa ndege wa Berlin ulitakiwa kufunguliwa Juni 2012, wakaahirisha zikiwa zimebaki wiki chache kwa sababu mfumo wa kudhibiti moto na moshi haukuwa tayari. Umekuja kufunguliwa Oktoba 2020. Na NASA 1999 walipoteza chombo cha Mars, timu moja inatoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, nyingine inazisoma kama za metriki. Kazi inavunjikia pale timu moja inapokabidhi nyingine, chungeni sana hapo.

Mgeni Kazini: Mimi nakabidhiwa mradi wiki ijayo, nianzie wapi?

Kamanda: Ratiba. Jua kazi ipi inasubiri ipi. Zipo ambazo zikichelewa siku moja mradi mzima unachelewa siku moja, hizo ndizo za kulala nazo.

Kazi Kwanza: Ratiba baadaye, kwanza aandike nani ana neno la mwisho, na nyongeza yoyote ije na muda wake na hela yake, isainiwe.

Mzigo: Au akimbie mapema 😂

Mgeni Kazini: Kazi Kwanza, mwenye neno la mwisho wakiwa wawili na hawaelewani?

Kazi Kwanza: Usianze mpaka wakae meza moja.

Ijumaa Jioni: Na pasiwedi zijulikane na zaidi ya mtu mmoja, tafadhali.