"Mizu ga samui": nimechekesha watu, kosa liko wapi?

Mgeni_wa_theluji:
Wakuu, naomba msaada. Niko Sapporo, Japani, huu ni mwezi wangu wa tatu, na neno la kwanza la Kijapani la hali ya hewa kunikaa kichwani ni "samui", yaani baridi. Januari ya huku bila hilo huongei na mtu. Jirani anasema "samui desu ne", nawe unamrudishia "samui desu ne", mmeshasalimiana.

Juzi naosha vyombo kazini, hita imegoma, maji yanakata vidole. Nikapiga kelele, "mizu ga samui!" nikimaanisha maji ni baridi. Mwenzangu akaacha sahani, akacheka mpaka akashika sinki. Eti maji yanataka koti?

Kwetu hewa ni baridi, maji ni baridi, nami nasikia baridi. Wao wanakwama wapi?

Kanji_mojamoja:
Hapo ndipo Kiswahili kinakuponza. "Samui" ni baridi ya hewa, inakushika mwili mzima. Kitu unachokigusa ni "tsumetai": maji, kitasa, mkono wa mtu. Mimi nilizunguka chumbani nikishika vitu huku nikisema tsumetai, tsumetai, kama mwehu. Sijasahau tena.

Mgeni_wa_theluji:
Na upepo? Kituo cha basi nimesikia "kaze ga tsumetai". Upepo nao si hali ya hewa?

Bibi_Mwavuli:
Upepo unakupiga usoni, mwanangu, si umekugusa? Siku yenyewe ndiyo "samui". Tena mtu asiye na huruma ni "tsumetai", na mzaha usiochekesha ni "samui". Shukuru wako ulichekesha.

Joto ndilo lina mtego wake. Hewa ya joto na chai ya moto zote ni "atsui", ila kwenye maandishi zinaachana: 暑い ni ya hewa, 熱い ni ya chai.

Kanji_mojamoja:
Na ukisimulia ya jana useme "samukatta desu". Ile "samui deshita" ni kosa, wageni wote tumelipitia.

Mgeni_wa_theluji:
Asanteni sana. Leo hita imepona. Nimetia mkono kwenye maji, nikaruka: "atsui!" Mwenzangu hakucheka. Akanionyesha dirisha lililojaa mvuke, niandike ni ipi. Nikaandika kwa kidole, kwa madaha kabisa, 暑い.

Kashika sinki tena.