Rekodi walizozificha Beatles: zitolewe au ziachwe zilipo?

SindanoYaAlmasi
Wakuu, kuna jambo linaninyima raha siku nyingi, naomba tulijadili. Tarehe 5 Januari 1967 Beatles, ile bendi ya Uingereza, waliingia studio za EMI, Abbey Road, London, wakiwa bado na kazi ya "Penny Lane". Usiku huo wakarekodi kitu kinachoitwa "Carnival of Light". Karibu dakika 14 za ngoma, kinanda cha kanisani, gita linalokoroma, mtu anasukutua maji, John Lennon na Paul McCartney wanapiga mayowe. Kilipigwa kwenye tamasha pale ukumbi wa Roundhouse, mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari, kikarudishwa kabatini. Hadi leo hakijatoka. McCartney alitaka kiingie Anthology ya pili, mkusanyo wa rekodi zao wa mwaka 1996, mwenzake George Harrison akagoma. Mwaka 2008 McCartney akasema redioni kwamba wakati wake sasa umefika. Bado tunasubiri.

Msimamo wangu: kitolewe. Wawili kati ya wanne wametangulia mbele ya haki, na mashabiki waliokuwa vijana wakati ule wanaondoka mmoja mmoja. Kanda iliyofungiwa inamfaa nani? Karibuni.

MpigaBesi
Sikubaliani hata kidogo. Msanii akikiacha kitu, amekiacha. Seremala haweki dukani mbao alizokata vibaya. Harrison alikuwa mmoja wa wenye mali na alisema hapana akiwa na akili zake timamu.

Tena angalieni yaliyotokea kwa rekodi zao za klabu ya Star-Club, Hamburg, za Desemba 1962. Zilinaswa kwa mashine ya nyumbani, zikauzwa kama santuri mwaka 1977, na mwaka 1998 Harrison, mzee wa watu, akalazimika kwenda mwenyewe mahakamani London kuzipinga. Ana miaka 55, anajieleza mbele ya jaji kwa sababu ya usiku aliopiga gita akiwa na miaka 19. Hayo ndiyo mnayoyataka?

SindanoYaAlmasi
Mkuu, hizo za Hamburg ni kesi ya ridhaa. Mimi nazungumzia kanda iliyo mikononi mwao wenyewe. Na mbona "Now and Then" imetoka? Lennon aliiimba kwenye kaseti nyumbani kwake New York miaka ya 70. Mwaka 1995 wenzake walijaribu kuimalizia wakashindwa, kaseti ilikuwa na mvumo mbaya. Kompyuta zikaja kuitenga sauti yake na kinanda, wimbo ukatoka Novemba 2023. Dunia haikuanguka.

MpigaBesi
Dunia haikuanguka, ila Lennon hakuulizwa.

BudaWaEastleigh
Nyinyi mnalia na kabati la Waingereza, na mnasahau Waingereza walichotoa kwetu. Kampuni ya santuri ya Decca iliwakataa Beatles mwaka 1963, si ndiyo? Wakachukua bendi ya Tremeloes. Sasa ulizeni hao Tremeloes walikuja kuimba nini. Walichukua "Helule Helule" ya Daudi Kabaka wetu wakaipigia huko kwao, vijana wa London wakacheza. Hilo ndilo jambo la ajabu kuliko makelele yenu ya dakika 14. Nani hapa ana santuri ya Kabaka ya asili? Inue mkono.

FundiKanda
Buda, hoja nzuri ila mwaka umeukosea. Ni tarehe 1 Januari 1962. Siku ya mwaka mpya, Beatles wametoka Liverpool kwenye baridi kali, wakaimba nyimbo 15. Siku hiyohiyo wakajaribiwa Brian Poole na Tremeloes. Decca wakawachagua hawa wa pili, na maelezo yanayotolewa siku zote ni kwamba walikaa Dagenham, karibu na London, kwa hiyo ilikuwa rahisi kufanya nao kazi.

"Helule Helule" ya Tremeloes ilitoka 1968 ikafika nafasi ya 14 Uingereza. Lakini tuwe wakweli, kuimba upya wimbo wa mtu si wizi kama mwenyewe ametajwa na kulipwa.

BudaWaEastleigh
Wapi nimeandika wizi? Nionyeshe hilo neno. Nimesema WALICHUKUA. Mtu akija kwako akachukua kiti akakalia, amechukua. Sijui kwa nini nyinyi wa huko kusini mkiona Mkenya anazungumza habari ya muziki lazima mumsahihishe.

KijanaWaKinondoni
Buda, punguza moto. Ila na mimi niseme langu. Kabaka alikuwa mwimbaji mzuri sana, Mungu amrehemu, lakini Equator Sound ya Nairobi ilikuwa kampuni, na wanamuziki waliitumikia kampuni. Huku kwetu miaka hiyo kulikuwa na bendi zenye wanachama na ukumbi wao. Kilwa Jazz, Cuban Marimba, Morogoro Jazz. Huwezi kulinganisha bendi ya watu na wafanyakazi wa studio.

BudaWaEastleigh
Wafanyakazi wa studio! Haya, wahesabu hao wafanyakazi. Daudi Kabaka. Fadhili William. Gabriel Omolo. Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Hao wote kwenye studio moja, wakipigiana magita. Twist ya Nairobi ilichezwa kutoka Kampala hadi Lusaka. Na huyo Salum Abdallah wako wa Cuban Marimba, santuri zake zilitolewa na lebo ya Mzuri. Mzuri ilikuwa ya wapi? Mombasa. Bila sisi mngebaki na kumbukumbu za masikio tu.

KijanaWaKinondoni
Sasa umegusa kidonda. Salum Abdallah alifariki 1965, na albamu yake ya "Ngoma Iko Huku" ninayoisikiliza mimi ilitolewa na kampuni ya Ujerumani miongo mitatu baada yake. Kwa hiyo si nyinyi, si sisi. Mjerumani ndiye aliyekwenda kuokota.

ShangaziTanga
Wanangu, mnagombana kwa maneno ya vitabuni. Mimi nilikuwepo. Mwaka 1968 nilikuwa msichana wa shule hapa Tanga, nyumbani tukiwa na redio ya mbao, spika moja mbele imefunikwa kitambaa cha rangi ya kahawia. Kupitia kitambaa kile nimesikia Jamhuri Jazz, nimesikia Atomic, nimemsikia Kabaka, nimewasikia hao Beatles. Wote walitoka sehemu moja. Hakuna aliyeuliza huyu ni wa bendi ama wa kampuni. Tulikuwa tunauliza kama betri zitafika mwisho wa wiki.

SindanoYaAlmasi
Shangazi, shikamoo. Umenikumbusha jambo kubwa sana. Hiyo spika moja ndiyo mono, na Beatles wenyewe waliishughulikia mono zaidi. "Sgt. Pepper" ya mono walikaa nayo wiki kadhaa wakiwepo wenyewe studio. Ya stirio, yaani ya spika mbili, waliachiwa mafundi, ikamalizwa kwa siku chache. "She's Leaving Home" kwenye mono inakwenda mbio kidogo na sauti iko juu, kwenye stirio inajivuta. Anayeijua albamu ile kwa stirio tu, ninavyoona mimi, hajaisikia vile walivyoitaka.

KijanaWaKinondoni
Basi sisi tuliozaliwa miaka ya 90 hatujasikia kitu. Ahsante.

SindanoYaAlmasi
Sijasema hivyo mkuu. Stirio nayo ina mambo yake. "Please Please Me" ya stirio, sikiliza ubeti wa mwisho, John anapotea maneno, halafu kwenye mstari unaofuata unasikia kicheko kimembana. Kwenye mono hakuna. "I'm Looking Through You" ya stirio ya Marekani, gita linaanza, linakosea, linaanza tena, linakosea, ndipo wimbo unaingia. Walisahau kukata. Na "Helter Skelter" ya mono inaisha mapema, ile kelele ya Ringo, mpiga ngoma wao, kwamba vidole vimeota malengelenge haipo. Ndiyo maana nataka hata ile rekodi ndefu ya dakika 27 itolewe, tusikie malengelenge yakiota.

FundiKanda
Hapo umechanganya. Ile ndefu ni ya tarehe 18 Julai 1968. Sauti ya Ringo ni ya Septemba, walipoirudia upya kwa mwendo wa kasi. Ile ya Julai ni ya polepole, nzito. Hutapata malengelenge humo.

SindanoYaAlmasi
Nimekubali, ahsante. Ila unaona? Tunabishana juu ya kitu ambacho hatujaruhusiwa kukisikia. Watu kama MpigaBesi wanalinda makabati kana kwamba wamelipwa. Mtu wa namna hiyo hapendi muziki, anapenda kufuli.

MpigaBesi
Sindano, nilikuwa nimenyamaza. Lakini hilo la kufuli limenichoma, na nitakujibu.

Baba yangu alipiga tarumbeta kwenye bendi moja ya mkoani. Bendi haikutoa santuri hata moja. Walirekodi kwenye kituo kimoja cha redio, nyimbo zikapigwa hewani miaka kadhaa, zikapotea. Baba alipofariki nilikwenda kuulizia. Nilikaa kwenye benchi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane. Kijana mmoja akatoka na daftari, akapitisha kidole kwenye orodha, akaniambia kanda ile ilifutwa ili itumike tena. Akaomba radhi. Nikarudi nyumbani na nauli ya watu. Usiniambie sipendi muziki.

Na nyumbani ipo kanda moja. Ya mzunguko, ya inchi saba, kwenye boksi la karatasi, mgongoni imeandikwa kwa kalamu ya baba: MAZOEZI, na majina ya nyimbo manne. Hajawahi kuipiga mbele yetu. Nilimwomba, akasema hapana, siku ile aliingia vibaya kwenye wimbo wa tatu, mdomo ulikuwa umepasuka, na hataki watoto wake wamsikie hivyo. Ndiyo maana nasema hapana ya msanii ni hapana. Sikuipata kwenye kitabu.

SindanoYaAlmasi
Nimekosa, kaka. Neno la kufuli nalifuta. Pole sana kwa mzee.

BudaWaEastleigh
Pole bro. Pole sana. Hiyo ya kufuta kanda inauma.

FundiKanda
Pole, MpigaBesi. Ila nikuambie kitu kimoja, na nisamehe kama nakosea. Kanda iliyofichwa na kanda iliyosahauliwa ni vitu viwili. BBC nao walifuta kanda nyingi za Beatles. Walipotoa ile albamu ya 1994 ya vipindi vya redio, baadhi ya nyimbo zilibidi zitoke kwa wasikilizaji waliokuwa wamenasa matangazo nyumbani kwao. Mwaka 2023 ikasikika rekodi ya tamasha lao la Aprili 1963 kwenye shule ya Stowe. Aliyeinasa alikuwa mwanafunzi wa miaka 15, ikakaa kwake miaka 60. Sidhani aliificha. Huenda hakujua tu kama kuna mtu anaihitaji.

KijanaWaKinondoni
Lakini hii ya mzee si ya kusahauliwa. Mwenyewe alikataa kwa mdomo wake.

MpigaBesi
Ndiyo.

ShangaziTanga
Mwanangu MpigaBesi, nikuulize kama mama. Bendi ya baba yako ilikuwa na watu wangapi?

MpigaBesi
Tisa, Shangazi. Kwenye picha wapo tisa.

ShangaziTanga
Tarumbeta ni mtu mmoja. Kwenye kanda hiyo yupo mwenye ngoma, yupo mwenye besi, wapo waimbaji. Baba yako alisema hapana yake. Hao wanane walisemaje? Na watoto wao je, ambao hawana hata boksi?

Hata huyo Harrison wenu, alikuwa mmoja kati ya wanne.

SindanoYaAlmasi
Shangazi, hapo umeniacha bila neno.

BudaWaEastleigh
Mimi bado nasubiri mwenye santuri ya Kabaka ainue mkono.

MpigaBesi
Nimelala na swali la Shangazi. Mpiga ngoma bado yuko hai, yuko Muheza. Nimempigia asubuhi hii. Hakujua kwamba kanda ipo. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika, halafu akaniimbia wimbo wa pili wote, na mapigo anayagonga mezani.

Kuhusu wimbo wa tatu, amesema aliyeingia vibaya siku ile ni yeye, baba alimfuata.

ShangaziTanga
Allah.

FundiKanda
Mkuu, kama umeamua, usiiweke kwenye mashine yoyote kwanza. Mashine za kuokoteza zinakata kanda. Fanya hivi. Itoe kwenye boksi taratibu, ushike sahani yake pembeni bila kugusa kanda, uinyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona mwanga unapenya kwenye msokoto, ni kanda ya zamani ya asetati. Hizo zikivutwa kwa nguvu hazinyooki, zinakatika kama bisikuti. Lakini mkato wake huwa safi, unaunganishika. Ikiwa nyeusi tii haipitishi mwanga, ni aina ya baadaye, na ina matatizo yake mengine ya kunata. Halafu uinuse, uniambie kama ina harufu ya siki.

MpigaBesi
Nimeinyanyua dirishani. Mwanga unapita, rangi ya chai ya mkandaa. Siki ipo, kwa mbali.

FundiKanda
Basi usiifungie kwenye mfuko wa plastiki, iache ipumue mahali penye ubaridi, pasipo na jua. Niko Magomeni. Jumamosi niko na nafasi kuanzia saa nne. Kama yule mzee wa Muheza anaweza kusafiri, mlete.